Ombi la Sabato

Mellen alinikumbatia langoni kwao Rangwe kabla sijatua mkoba, akanishukuru kwa kusimama na mumewe. "Wengine wote wametukimbia, nyamera," alisema, akiniita dada yake kwa Kijaluo. "Ni wewe tu dada yetu umekuja." Nilikuwa nimetoka Migori asubuhi ile ya Jumapili nikiwa na maneno yangu ya toba kichwani, nimeyapanga kama mwanafunzi anayekwenda kuhojiwa na mwalimu mkuu. Shukrani zile ziliyafuta yote. Nikasema asante, nikaketi kwenye kiti nilichopewa, na uso ukaniwaka.

Naitwa Bochaberi. Mimi ni muuguzi wa ambulensi, na Byron, mume wa Mellen, amekuwa dereva wangu kwa miaka sita. Mwaka jana nilitumwa Homa Bay kwa mafunzo ya siku tano, tukafundishwa namna ya kuwasikiliza wenzetu wa kazi za dharura wanapolemewa na waliyoyaona. Nilirudi na cheti, fulana ya buluu na kichwa kikubwa kidogo. Kanuni ya kwanza tuliikariri pamoja kila asubuhi: unachoambiwa kiishie kwako. Sauti yangu ndiyo iliyosikika kuliko zote.

Kisha shimo la dhahabu likaporomoka Masara. Mchimbaji mmoja, Werema, alibaki hai huko chini, na sauti yake ilitufikia kupitia bomba la hewa. Wenzake walikuwa wakifukua; kazi yetu sisi ilikuwa kumsubiri na kumfanya aendelee kuzungumza. Kila baada ya muda aliuliza, "Mko?" Byron alilala kifudifudi kwenye udongo, mdomo karibu na bomba, akamjibu, "Tuko, ndugu yangu." Kwa saa kumi na saba alijibu hivyo, nami nimeketi kando yake nikimpa maji. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, udongo ulishuka tena. Byron aliendelea kujibu kwa muda mrefu ilhali hakuna aliyeuliza.

Jumatatu moja, wiki tatu baadaye, aliniambia. Siku hizo alikuwa haizimi injini hata tukiegesha, na mkubwa wetu alikuwa ameanza kulalamikia mafuta. "Sista, nikizima namsikia," alisema. "Anauliza kama tuko. Sasa naiacha tu ingurume." Nilimwambia amefanya vyema kusema. Nilimwambia huo si wazimu, ni moyo uliochoka, na hayo yalikuwa kweli.

Sabato iliyofuata, mzee wa kanisa aliuliza kama kawaida ni nani aliye na ombi maalumu. Kwetu ombi lisilo na jina huonekana halijakamilika. Watu hutaka kujua wanampeleka nani mbele za Mungu. Nikasimama. Nikasema tumwombee ndugu Byron, dereva wetu, kwa maana anasikia sauti ya marehemu. Niliona nyuso zikilainika, akina mama wakiliandika jina lake katika vijitabu vyao, nami nikaketi nikijiona mtu mwema. Hapo ndipo panaponitia aibu kuliko pengine pote. Nilijiona mwema.

Kufikia Jumatatu ombi lilikuwa limeingia kwenye makundi ya simu, likawa habari. Mama mmoja alikataa binti yake mwenye uchungu wa kuzaa apandishwe gari la mtu mwenye mapepo. Byron akanyang'anywa ufunguo, akapewa likizo ambayo hakuiomba, akarudi nyumbani kwake Rangwe. Sasa kamati ilikuwa ikae kesho kuamua kama atashika usukani tena au ndiyo basi, nami nilikuwa nimeitwa kutoa maoni. Ningeweza kumtetea bila kusema ni nani aliyemtangaza. Hilo pia nilikuwa nimelifikiria, tena sana.

"Walikuja hapa watu kumi na wawili," Mellen alisema, akinimiminia chai. "Wanataka kumwekea mikono, eti wamtoe mapepo. Maurine alijificha chini ya kitanda, mtoto wa miaka saba. Mpaka leo sijui ni nani alitoa hiyo maneno huko Migori. Nikiuliza Baba Maurine, ananyamaza tu."

Byron aliingia kutoka shambani. Alikuwa amekonda. "Sista," alinisalimu kwa adabu ileile ya kazini, akaegemeza jembe ukutani, akaketi. Hakuwa amemwambia mtu yeyote ila mimi, kwa hiyo alijua tangu siku ya kwanza kwamba ni mimi. Wiki nne alikuwa amelificha jina langu hata kwa mkewe, na mimi lake lilinishinda kulificha hata kwa siku tano.

"Kesho ni kamati," nilisema. "Nitawaambia unafaa kazi."

"Sawa."

"Na lile lingine pia nitalisema. Hata wakiniondoa kwenye hii kazi ya kusikiliza watu."

Alitazama kikombe chake. "Hiyo ni yako, sista. Mimi sijaambia mtu."

"Lingine gani?" Mellen akauliza.

Nikamwambia. Nilisema ni mimi niliyesimama kanisani, na kwamba watu kumi na wawili walifika mlangoni kwake kwa sababu yangu. Mellen aliweka birika chini polepole.

"Ulitaja jina yake?"

"Nilitaja."

"Si ungesema tu kuna mtu. Kwani Mungu angeshindwa kujua ni nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelikwepa tangu Sabato ile, na njia nzima ya kuja Rangwe nilikuwa nimejidanganya kwamba kuomba msamaha kungetosha.

"Niliogopa," nilisema. "Ningesema kuna mtu, wangedhani ni mimi."

Walinitazama wote wawili.

"Na ni mimi. Mimi pia namsikia, tangu Masara. Nilitaka kuombewa, nikakosa ujasiri. Ndiyo nikatumia jina lake."

Jirani alikuwa akiwafukuza kuku kwenye mahindi yake ya kuanika. Nilitamani Mellen anitukane, nipate angalau kitu cha kustahimili, lakini alichukua kikombe changu kikiwa nusu, akatoka nacho, nikasikia chai ikimwagwa nje. Nikaelewa kwamba nimefukuzwa. Nikauchukua mkoba.

"Kaa," Byron alisema.

"Wacha niende, Byron."

"Kaa, sista. Wewe unamsikia saa ngapi?"

Niliketi. "Asubuhi," nilisema. "Nikimaliza kuoga, nikifunga maji."

Aliitikia kwa kichwa kama fundi anayeelezwa kasoro ya gari anayoijua. "Halafu unafanya nini?"

"Nayafungua tena."

"Usifungue. Mimi huku sina injini ya kuwasha. Wiki ya kwanza nilifikiria nitakufa. Halafu nikaona afadhali nimjibu. Nikimjibu, ananyamaza kidogo."

Hakuwa amenisamehe, na sikuwa na haki ya kumwuliza. Alizungumza nami kwa sababu duniani hakukuwa na mtu mwingine aliyeketi kando ya bomba lile. Nilisikia aibu yangu ikikaa pale pale ilipokuwa, nzito, haina mpango wa kuondoka, na bado nilitaka aendelee kusema.

"Unamjibu nini?"

Aliyeuliza alikuwa Mellen. Alikuwa amesimama mlangoni, kikombe kitupu mkononi, na hakuwa akinitazama mimi. Niliona usoni mwake kwamba kwa wiki zote hizo alikuwa amewafukuza wageni, amempikia mumewe na kumfulia, amelala kando yake, na swali hilo hakuwahi kumwuliza.

Byron alimgeukia. Mellen akavuta kigoda, akaketi mbele yake, akasubiri. Jibu nililijua, maana nilikuwepo kando ya bomba, lakini halikuwa langu kulisema.