Mvi Mgongoni mwa Kahawa

Saisi alisikia viatu vya mwalimu wa kupanda farasi vikija juu ya saruji, akajua ana muda wa kuvuta pumzi tano au sita, basi. Aliinyakua sponji kwenye ndoo, akaikamua nusu nusu, akaipitisha mgongoni mwa farasi kutoka mabegani hadi kiunoni. Mara mbili. Mwalimu alipochungulia mlangoni, mgongo wote ulikuwa umelowa sawasawa, na hakuna ambaye angeweza kujua wapi ni jasho na wapi ni maji.

"Vipi huyo, mzima?"

"Mzima, mwalimu. Nampoza tu. Jua la leo halina adabu."

"Haya." Viatu vikaendelea na safari yao.

Saisi akabaki ameshika sponji, maji yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Mara ya kwanza alipofanya hivyo aliangusha sponji mara mbili. Leo haikumponyoka hata mara moja, na hilo ndilo lililomtisha.

Kazi yake kubwa haikuwa kuzoa mavi wala kukwangua kwato, ingawa alifanya yote hayo tangu asubuhi. Kazi yake ilikuwa kusoma migongo. Farasi akivuliwa tandiko huwa amelowa jasho pande zote mbili za uti wa mgongo. Ukiona kipande kikavu katikati ya jasho, ujue hapo pamebanwa mpaka ngozi imeshindwa hata kutoa jasho. Aliyempanda ni mzito, au mrefu, au tandiko si la farasi huyo. Saisi alikuwa ameisoma migongo kwa miaka ishirini na sita. Watu wa mabanda mengine walikuwa wakimletea farasi wao kutoka mbali na kumwambia, "Saisi, tusomee." Kazi hiyo ya usaisi, ya kutunza farasi, ilikuwa imelimeza jina lake, hata mkewe alimwita hivyo alipokuwa amemkasirikia.

Pale bandani hakuna mpanda farasi aliyehamishwa bila neno lake. Mara moja kwa msimu wanafunzi walijipanga uwanjani juu ya farasi wao, na mwalimu akapita na daftari akiuliza, "Bado anamtosha?" Saisi akajibu neno moja. Hakuwahi kuulizwa mara mbili.

Sasa mgongo wa Kahawa, farasi yule aliyepakwa maji, ulikuwa na vipande viwili vikavu, kila kimoja kama kiganja cha mtoto, na vilikuwa hapo kwa miezi miwili. Aliyekuwa akimpanda ni binti yake mwenyewe.

Binti alianza akiwa na miaka saba. Mwenye banda, siku hiyo akiwa na moyo mweupe, alisema mtoto wa Saisi anaweza kumpanda Kahawa jioni, kwa sababu Kahawa ni mfupi na hana mwenyewe. Farasi wengine wote walikuwa na wenyewe, watu wasiopenda hata kuona kiganja cha mtu kwenye shingo za wanyama wao. Mtoto mwingine akimzidi Kahawa angepandishwa farasi mkubwa. Binti wa Saisi akimzidi Kahawa angepelekwa nje ya uzio. Hili lilijulikana na wote, na hakuna aliyelisema.

Kisha akatimiza miaka kumi na minne, akarefuka kwa fujo. Sketi zilikata tamaa, viatu vikafuata. Mikanda ya vikuku, ile inayoshikilia chuma cha kukanyagia, ilikuja na matundu kumi na mawili. Saisi aliongeza la kumi na tatu kwa msumari wa moto, kisha la kumi na nne, la kumi na tano. Akaongeza kitambaa kinene chini ya tandiko. Halafu akaja kwenye sponji.

Asubuhi moja, akimpiga Kahawa brashi, aliona mvi. Nywele nyeupe chache, pale pale palipokuwa pakikauka. Saisi alijua maana yake kuliko mtu yeyote: mahali palipobanwa muda mrefu manyoya hurudi meupe, na hayarudi tena rangi yake. Mvi hazifutiki kwa maji. Akatazama huku na huku, akaung'oa unywele mmoja kwa kucha. Akang'oa wa pili. Ngozi ya Kahawa ilisisimka, kisha ikatulia, kwa kuwa mkono ulikuwa ule anaoujua. Saisi aling'oa kumi na moja. Kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, aibu imemjaa.

Siku moja kabla ya ukaguzi wa msimu, walipokuwa wakila mchana, binti hakugusa sahani yake.

"Baba, kesho utasema nini?"

"Kwani wewe unasemaje?"

"Mimi nasema ananitosha." Alichezea kijiko. "Ila siku hizi nikishapanda anasimama kidogo kabla ya kuondoka. Kama mtu anayejikaza kubeba mzigo."

"Kumbe umeona."

"Nimeona." Machozi yakamlengalenga. "Lakini mashindano ni Jumapili, Baba. Jumapili hii tu. Yakipita, sema unachotaka."

Mama alikuwa akiondoa vyombo. "Naona mmekaa kikao," alisema. "Mwenye mgongo mbona hamkumwalika?"

Saisi alitamani kumwahidi mtoto ile Jumapili moja. Alimpenda hadi akaona heri angeliweka tandiko lile mgongoni mwake mwenyewe.

Kesho yake alimletea Kahawa tandiko. Katika miaka yote, Kahawa alikuwa akisimama kama mlango wakati wa kutandikwa. Siku hiyo aliliona tandiko likija, akasogea pembeni hatua moja. Hatua moja tu. Kisha akamtazama Saisi, akarudi hatua ile ile, akasimama pale pale alipofundishwa kusimama.

Saisi akamtandika. Hakujua afanye nini kingine.

Uwanjani, baada ya mizunguko kadhaa, walikuwa saba kwenye mstari. Mwalimu alipita na daftari lake: anamtosha, anamtosha, hamtoshi, anamtosha. Alipofika kwa Kahawa kalamu ilikuwa imeshaanza kuandika.

"Wa Kahawa? Bado anamtosha?"

Binti alimtazama baba yake kutoka juu. Miguu yake ilikuwa imeshuka chini ya tumbo la farasi, na alikuwa amekunja magoti kidogo ili isionekane.

"Hamtoshi," alisema Saisi.

Kalamu ikasimama. "Umesemaje?"

"Hamtoshi. Binti ameshampita. Ni miezi miwili sasa."

"Miezi miwili? Na mimi nimekuwa nikija pale mlangoni kila siku?"

"Nilikuwa nampaka maji mgongoni, mwalimu. Ili usione."

Wanafunzi wengine walianza kushughulika na hatamu zao, kama watu waliomfumania mtu mzima akilia. Binti hakungoja kuambiwa. Aliteremka, akafungua mikanda mwenyewe, akaliondoa tandiko. Akauona mgongo. Akaweka kiganja chake juu ya kimoja kati ya vile vipande vikavu. Kisha akamgeukia baba yake.

"Ni siku mbili tu zilikuwa zimebaki," alisema kwa sauti ndogo. "Siku mbili, Baba."

Akamwachia tandiko mikononi, akaondoka kwa miguu kuelekea getini.

Mwalimu aliukagua mgongo kwa vidole. Hakufoka, afadhali angefoka. "Mpumzishe wiki sita," alisema, akafunga daftari. "Na kuanzia leo migongo nitaiangalia mwenyewe."

"Sawa, mwalimu."

Wiki hizo sita zilikwenda kwa kujikokota. Nyumbani binti alimwamkia, "Shikamoo, Baba," akapita na mkoba wake wa shule. Adabu ilikuwa kamili, na ndiyo iliyomuumiza Saisi. Bandani hakuna aliyemletea farasi wa kusoma. Aliendelea kuzoa mavi na kukwangua kwato, na kila asubuhi alimpiga Kahawa brashi. Mvi ziliota, pamoja na zile kumi na moja, hadi vikawa viraka viwili vyeupe ambavyo mtu angeviona kutoka barabarani.

Wiki ya saba akaletwa mtoto mpya, msichana wa miaka saba asiye na meno ya mbele. Alimzunguka Kahawa, kisha akanyoosha kidole.

"Hizi nyeupe ni nini?"

"Mvi."

"Kwani amezeeka?"

"Hapana," alisema Saisi. "Alibebeshwa kupita kiasi."

Akamtandika, akampandisha mtoto, akaanza kupandisha mikanda ya vikuku. Tundu la kumi na tano, la kumi na nne, la kumi na tatu; akaendelea kupanda hadi la kwanza. Ncha iliyobaki ilining'inia chini, ndefu, imejaa matundu.

"Hiyo ikate," mwalimu alimwambia kutoka upande wa pili wa uwanja. "Itamkera."

Kisu kilikuwa mfukoni. Saisi aliikunja ncha mara tatu, akaichomeka chini ya tandiko mahali isipogusa ngozi.

Ilikuwa saa kumi, muda ambao zamani binti alikuwa akiingia na mkoba wake. Kahawa aliinua kichwa, akageuza masikio yote mawili kuelekea getini.

"Twende," alisema mtoto.

Saisi alikuwa ameshika hatamu. Hakuivuta. Alisimama kando ya farasi, naye akatazama getini.