Mikono ya Grisi

Shemeji, kaka wa mke wangu, aliniletea gari lake la spoti kwenye gereji yangu. Waya wa kishikio cha ndani cha mlango ulikuwa umekatika, ila mdomo wa mwenyewe ulikuwa mzima.

“Usiguse rangi ya gari langu kwa mikono hiyo ya grisi!” alifoka.

“Sawa, ila usifunge mlango. Waya mpya sijauunganisha, betri nimeitoa hivyo vioo havishuki, na mlango wa pili umebanwa na ukuta.”

“Gari langu, unifundishe wewe?” Akaingia, akaubamiza.

Akavuta kishikio, kikalegea kama jino bovu. Akagonga kioo, macho yamemtoka pima.

Kwa nje, mlango ule hufunguka kwa kidole kimoja. Nikamwonyesha vidole vyangu vyote vya grisi, nikaenda kutafuta sabuni.