Siku ya Kupima Hewa Kiamaiko

Siku maafisa wa kaunti walipokuja kupima hewa ya Kiamaiko, wanawake wanaobabua vichwa vya mbuzi waliimwagia maji mioto yao. Hakuna aliyewaamuru. Mgeni hukaribishwa kwa stuli na chai. Nani atamkaribisha kwa moshi wa kuni na vipande vya tairi? Basi Madam Shamso, afisa wa mipango, akasimamisha mashine yake juu ya miguu mitatu ya chuma, akanywa chai, na taa ya mashine ikabaki ya kijani, ishara ya hewa safi, tangu asubuhi.

Mideva alisimama kando, mtoto mgongoni, akitazama mchoro wa nyumba mpya zitakazojengwa kwenye kiwanja cha pembeni. Yeye na mumewe walikuwa wamepata chumba na sebule upande wa nyuma, na dirisha la chumba cha kulala lilielekea pale pale pa kubabulia vichwa. Madam Shamso alikuwa ameshaeleza: hewa ikiwa chafu, mchoro hautapita hadi urekebishwe. Ikiwa safi, ujenzi uanze.

Na Kageha, binti yake ambaye kifua chake hupiga filimbi kila mchana, leo alikuwa amelala fofofo. Mideva alihisi pumzi zake shingoni, laini kama za mtoto wa mtu mwingine. Hapo ndipo alipoelewa. Mashine ilikuwa imepima adabu za majirani.

Akamwendea Mbeti, ambaye majirani humwita Mama Nyamai, mkubwa wa wababuaji, mama aliyemfunza hata namna ya kumwogesha mtoto huyo.

"Mama Nyamai, washeni moto."

"Mbele ya serikali? Wewe msichana, hayo masomo yako ya jioni yamekuchanganya! Wakiona moshi watatutimua. Nami nitakula nini, hiyo hewa safi?"

"Msipowasha, nyumba zitajengwa hivi hivi. Mwanangu atalala na moshi wenu kitandani. Na wapangaji wakianza kukohoa, wao ndio watakaokuja kuwatimua."

Mwenzao mmoja akadakia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Si mnaona mtoto alivyopona leo?"

Wote wakacheka isipokuwa Mbeti. Aliweka kiganja chake kipana juu ya mgongo wa Kageha, akasikiliza. Kazi ya kubabua ndiyo iliyomsomeshea watoto wote, na Mideva aliliona hilo likimpita usoni. Kisha mama yule akafungua pindo la leso, akatoa kiberiti, akawasha. Akachomeka kichwa cha mbuzi kwenye chuma, akakigeuza motoni taratibu huku akimkazia macho afisa.

Moshi ukainuka. Taa ikawa ya manjano, halafu nyekundu. Madam Shamso alikohoa mpaka chai ikamwagika.

"Kumbe mlizima kwa ajili yangu?"

"Ulikuja kwa hodi, madam," Mbeti akajibu. " Ungekuja kimya ungetukuta tulivyo. Sasa, unatufukuza?"

"Nikifukuza kila anayetoa moshi, Nairobi itabaki na nani?" Akafuta macho, akauvuta ubao wenye mchoro. "Kazi yangu ni kupanga watu walale wapi na moshi upite wapi. Ngazi na varanda zije huku nyuma. Vyumba vya kulala vitazame kule ng'ambo. Na mjenzi awajengee kibanda cha gesi chenye bomba refu kupita paa, kabla mpangaji wa kwanza hajaingia. Bila hivyo sitii sahihi."

"Gesi!" Mbeti akaguna. "Kichwa kitanukia kama chapati." Lakini alikuwa akitabasamu.

Madam Shamso akamgeukia Mideva. "Chumba chako ni kipi, mama?"

Mideva akaonyesha kwa kidole. Afisa akampa kalamu. "Basi nionyeshe unalitaka dirisha wapi."

Mideva akauinamia mchoro. Akalichora upande wa ng'ambo, akalipanua, akalipanua tena, hadi likaumeza ukuta mzima.

"Wewe!" Mbeti akapiga kofi kwa kicheko. "Ni nyumba unataka ama ni kanisa?"

"Tutalipunguza kidogo," alisema Madam Shamso, "kidogo tu."