Kiti cha Chemchemi

Asubuhi ya mkutano Tupokigwe alikuwa anapiga pasi blauzi yake kwa pasi ya mkaa, huku akipuliza majivu yasidondokee kola, mama yake alipomwita kutoka nje. Chemchemi ya bondeni ilikuwa imepanda mlima wa Kinyala alfajiri na sasa ilisimama mlangoni, safi, imejikusanya vizuri, haijalowesha hata kuni.

"Inakungoja wewe," mama alisema. "Haya, fanya haraka. Na mwavuli usiusahau."

Tupokigwe alikuwa katibu wa kikundi cha vijana walioitunza chemchemi hiyo tangu wakiwa shule ya msingi. Bila kusukumwa na mtu, walikusanya mbegu za mikuyu msituni, wakaotesha miche kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, wakalizungushia bonde zima. Watu wazima waliwacheka, kisha wakaja na ndoo zao kuteka. Hongera zao, na nasema kwa moyo wote.

Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mgeni anafunguliwa mlango, mashirika yanaota Tukuyu kama uyoga. Moja kubwa, la kimataifa, lilikuja na mpango wa hifadhi: mikaratusi ipandwe mabondeni kote, maana inakua upesi na inapendeza kwenye picha. Mkaratusi unakunywa maji balaa, kila mkulima wa Rungwe anajua. Vijana walitaka jambo moja tu liingie kwenye mpango ule: karibu na chemchemi usipandwe. Shirika likawaalika, kwa sababu wafadhili wake walikuwa wanataka vijana washirikishwe.

Tupokigwe akashuka kwenda mjini na chemchemi ikamfuata pembezoni mwa barabara, ikiwapisha wenye baiskeli za ndizi. Walipofika Ibighi walimkuta Bushiri, mweka hazina wa kikundi, anawangoja mbele ya duka la baba yake.

"Umekuja nayo?"

"Imekuja yenyewe."

"Afadhali. Sisi tukisema tunaambiwa watoto. Hii ina umri wake."

Mlangoni pa ukumbi alisimama Mzee Ambilikile, mwenyekiti wa mkutano. Tupokigwe akachuchumaa kumwamkia, kama binti yeyote wa Kinyakyusa aliyefundwa. Chemchemi nayo ikajishusha mpaka sakafuni. Mzee akafurahi mno.

"Ndaga, ndaga, asanteni. Hii imelelewa," alisema.

Mama mmoja wa Kizungu kutoka makao makuu, kupitia kwa mkalimani, akasema kwamba chemchemi ndiyo mdau wa kwanza. Ikapewa kiti mstari wa mbele, ikapewa beji yenye jina lake, ikawekewa na chupa ya maji ya kunywa. Vijana wakaonyeshwa ukuta wa nyuma. Kwenye ratiba walikuwa na wimbo wa kukaribisha wageni, na baadaye kushika miche wapigwe picha.

"Na kuzungumza je, mzee?" Tupokigwe aliuliza.

"Wimbo una maneno, mwanangu," Mzee Ambilikile alimjibu kwa upole.

Wakaimba. Kifungu cha mikaratusi kikasomwa, na mwenyekiti akataka wanaopinga wanyooshe mkono. Chemchemi ikachemka kitini, ikapanda, ikafurika mpaka wajumbe wakanyanyua viatu. Lakini mkono haina. Kule ukutani vijana wote walinyoosha mikono, ila zilizohesabiwa ni kura za waliokaa.

Hapo ndipo Tupokigwe alipotoka ukutani akasimama katikati, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu. Binti wa kwao kuwaambia wazee neno akiwa wima si mchezo, jamani. Sauti haikutetemeka.

"Wazee wangu, shikamooni tena. Mkipanda mkaratusi pale, huyu mliyemkalisha mbele atakufa. Nyinyi hamtakuwapo. Kiu ni yetu. Naomba iandikwe kwamba tumepinga."

Alisema kwa adabu, na alisema yote. Bushiri alilia waziwazi, wala hakujisumbua kujifuta. Mkalimani alisahau kutafsiri.

Ukumbi ukapiga makofi marefu. Mzee Ambilikile akawashukuru vijana kwa wimbo wao wa pili, na mpango ukapita bila kupingwa.

Masika yalipoanza, mikuyu ya bondeni ikang'olewa, mikaratusi ikapandwa mahali pake. Chemchemi haikurudi kule. Ilikuwa imehamia nyuma ya kitalu cha vijana, penye miche mipya, na watu wakahamishia ndoo zao huko. Hakuna aliyeuliza swali, maji ni maji.

Mwaka uliofuata Bushiri alileta habari kutoka mjini. Mkutano mkuu wa shirika ungefanyika Ulaya, na makao makuu yalikuwa yamemwalika mjumbe kutoka Rungwe: Chemchemi ya Kinyala, pamoja na msindikizaji mmoja.

"Msindikizaji ndiye wewe," Bushiri alisema. "Utakwenda?"

"Nitakwenda."

"Kiti hawajakuandalia. Nimeuliza."

Tupokigwe alikuwa ameinama akimwagilia miche, mkuyu baada ya mkuyu.

"Basi nitasimama," alisema, akahamia mstari uliofuata.