Bwana Harusi Mdomo Bapa

Wayahudi wa Shohrud hawataki mchezo na irabu zao. Torati kwao husomwa kwa mdomo wa duara. Wale wa Toshqala, ng'ambo ya milima, huiachia "a" ikatoka bapa, na Shohrud hiyo ni aibu tupu. Sasa Bulor, mjukuu wa kike wa msomaji mkuu, kampenda nani? Mtoshqala! Makubwa haya.

"Atasoma Torati Sabato ya kabla ya harusi kama bwana harusi yeyote," alisema babu yake, Mzee Pinhos. "Nikimrudisha asome upya mara ya tatu, harusi tunaisogeza mpaka apone mdomo."

Wiki nzima Bulor alimfunza Amnun, mchumba wake.

"Duara, bwana! Kama unapuliza chai!"

"Nikipuliza zaidi nitapaa."

Sabato ikafika. Juu sinagogini, upande wa wanawake, kila mmoja, Bulor akiwemo, alishika peremende za kumrushia bwana harusi akimaliza. Zikishaanguka kisomo kimefungwa, harudishwi mtu.

Amnun alianza vizuri, kisha akateleza. "Rudi!" alinguruma Mzee Pinhos, na wanaume wote wakapokea, "Rudi!" Akarudi. Katikati akateleza tena. "Rudi!" Bulor hakutaka kungoja harusi hata siku moja zaidi.

Likabaki neno la mwisho. Ole wake, Amnun akaona amefika, akafurahi, akatabasamu. Na nani awezaye kutabasamu kwa mdomo wa duara? "A" ikatoka bapa kama mkate wa tanuri.

Mzee Pinhos akavuta pumzi, akaachama. Bulor akarusha peremende yake! Wanawake wakadhani ni wakati wake, wakamwaga zote kwa vigelegele. Moja ikamwingia mzee mdomoni.

Mzee akainua macho juu kwa wanawake.

"Nani kaanza?" aliuliza mzee, shavu limevimba.

"Mimi, Babu."

"Umemsikia alivyosoma?"

"Nimemsikia."

"Na bado unamtaka?"

"Namtaka hivyohivyo."

"Na watoto wenu watasoma kwa mdomo upi, mjukuu wangu?"

"Wowote, Babu. Bora waje wasome hapa, ukiwasikia."

Mzee alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimwahi. Akaitafuna ile peremende, akampa Amnun mkono wa pongezi mbele ya watu wote.