Mistari Juu ya Keki ya Muriel

Enid Thackray, jaji wa keki mwaka huu, aliandika "Imeondolewa shindanoni" kwenye kadi, akaisimamisha mbele ya keki namba saba bila kujua mwokaji ni nani. Juu ya keki palikuwa na mistari ya wavu wa kupozea. Pale kijijini Kettlebeck hata mtoto anajua kwamba keki ya maonyesho ya kijiji hupozwa uso juu, waya zisiuguse.

Majina yakafunuliwa. Keki ilikuwa ya Muriel, mama mkwe wake, bingwa wa miaka nenda miaka rudi. Huyo alimnunia tangu siku ya harusi, akaanza kumsemesha vizuri Pasaka hii tu.

Enid akawa hatulii. Akazunguka hema, akanyoosha vitambaa vilivyokwisha kunyooshwa, akarudi kuitazama keki. Clive, mumewe, akamfuata na kopo la sukari ya unga: anyunyize kidogo tu, achane kadi, watu bado wako nje. Mwenyekiti wa kamati naye akamkumbusha kwamba majaji waliomtangulia walikuwa watu wa busara.

"Mama hatakusamehe, Enid," Clive akasema. "Na mimi Jumapili nitakula wapi?"

"Utakula kwangu. Kadi haiondoki."

Alikaza sauti. Lakini aliogopa kurudishwa kwenye ile miaka ya kununiwa.

Hema lilipofunguliwa, Muriel akatangulia kuingia, kofia kichwani. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kadi, akasoma polepole. Watu wote wakajifanya wanaangalia karoti za mashindano kwenye meza ya pili.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi, Mama. Ina mistari ya wavu."

"Mistari gani?"

Enid alipigwa na butwaa, maana ilionekana tangu mlangoni. Akamshika mkono, akapitisha vidole vyake juu ya keki. Muriel akapapasa mara ya pili mwenyewe, taratibu.

"Na ya mwaka jana?"

Mwaka jana Enid alikuja kutazama tu, na mistari aliiona, kama walivyoiona wengine wote. Clive alikuwa akimkonyeza anyamaze.

"Ilikuwa nayo, Mama. Na ya mwaka juzi."

Muriel akamgeukia mwenyekiti, kisha mwanawe. Akachukua kadi, akaitia mkobani.

"Jumatatu nataka kupelekwa kwa daktari wa macho," alisema. Clive akawahi kuitikia. "Si wewe. Atanipeleka Enid."