Chaguo la Kwanza la Kulthumu

Siku matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Kulthumu alikuwa shambani akipalilia mahindi, na aliyemletea habari alikuwa Mwalimu Elineema mwenyewe, mwalimu wa taaluma wa sekondari ya kata. Alikuja na pikipiki yake mpaka pale njia inapokwishia, akaiegemeza kwenye mkorosho, akatembea kwa miguu katikati ya matuta huku viatu vikimjaa tope. Alipomfikia hakusema mengi. Alimwambia amepata daraja la kwanza, na kwamba kwenye Kemia ana A.

Kulthumu aliendelea kushika jembe lake. Alimwomba mwalimu arudie, naye akarudia.

Kijiji kizima cha Mkotokuyana kilikuwa kimejua kabla ya jua kuzama. Watu walikuja kumpa mkono mama yake, Mwanne, na wengi walifurahi kweli. Wengine walifurahi huku wakitazamana, maana huyu ndiye binti aliyeacha shule kidato cha pili akiwa na mimba, na kijana aliyempa mimba hiyo akaondoka kwenda Mtwara kutafuta kazi, asionekane tena. Ruhusa ya mabinti waliojifungua kurudi darasani ilipotangazwa, Kulthumu alirudi. Alikaa dawati moja na watoto aliowazidi umri, akavumilia kicheko chao mpaka kikaisha chenyewe. Sasa alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na binti yake Samia alikuwa anaelekea kutimiza mitano.

Samia alimwita Mwanne mama. Kulthumu aliitwa dada.

Hakuna aliyeamua iwe hivyo. Kulthumu alikuwa akitoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni, akila haraka na kufungua madaftari. Aliyemwogesha mtoto, aliyemlaza, aliyemtafunia karanga alipokuwa hana meno, alikuwa Mwanne. Mtoto alisikia nyumba nzima ikimwita Mwanne mama, naye akafuata. Mwanzoni walicheka. Baadaye wakazoea, na mwishowe ikawa vigumu kusahihisha bila kuleta maneno. Hata sokoni Nachingwea mtu akiuliza, Kulthumu alijibu kwamba huyu ni mdogo wake, akaendelea kuchagua nyanya.

Wiki chache baada ya matokeo, wanafunzi waliofaulu waliruhusiwa kubadili machaguo yao ya kidato cha tano. Kulthumu alipojaza mara ya kwanza, kabla ya mtihani, hakuwa na imani na nafsi yake, akaandika masomo ya sanaa ili mradi asiache nafasi tupu. Sasa mwalimu alimwita ofisini akamweleza kwamba kwa alama zake milango ipo miwili. Kulikuwa na shule ya wasichana ya bweni kule Ruangwa, yenye Fizikia, Kemia na Baiolojia, na maabara inayofanya kazi. Na kulikuwa na shule ya kutwa mjini Nachingwea, yenye sifa nzuri katika Historia na lugha, lakini bila sayansi hata moja.

Kulthumu alipenda Kemia kwa namna ambayo hakuweza kuieleza. Shuleni kwao maabara ilikuwa chumba chenye meza na kabati lililofungwa. Kila jaribio alilolijua alilijua kwa michoro ya ubaoni. Hata hivyo alipolala alikuwa akiona zile chupa zikibadilika rangi.

Nyumbani walikuwa wanakula ugali na kisamvu alipowaambia uamuzi wake. Angechagua Nachingwea. Angepanga kwa mama yake mdogo pale mjini, amchukue Samia, amwandikishe chekechea, na jioni akirudi amkute.

Mwanne aliacha kula.

"Na hiyo kemia yako?"

"Nitaiacha, mama."

Mwanne alisema hapana. Alisema hapana kwa Kiswahili, kisha akasema kwa Kimwera, lugha aliyokimbilia kila jambo lilipokuwa zito. Alisema hakuuza mbaazi zake kila mwaka ili mtoto wake aende kuacha kitu akipendacho. Ruangwa si mbali, na Samia anakaa vizuri hapa, ana madrasa yake, ana wenzake, ana yeye. Alisema na mjomba mtu, Nuhu, ameshasema hivyo hivyo. Kulthumu alimsikiliza mpaka mwisho. Kulikuwa na kitu katika sauti ya mama yake kilichomkwaza, aina ya haraka isiyo ya kawaida, lakini hakukijua jina.

Mwalimu Elineema hakumsukuma upande wowote. Alikuwa mtu wa Upareni, aliyeletwa Mkotokuyana na ajira akidhani atakaa mwaka mmoja, akakaa mingi. Alimshauri tu asichague shule ambayo hajaiona, akampigia simu mkuu wa ile shule ya Ruangwa kumwombea aje kutazama.

Nachingwea alikwenda kwanza, peke yake. Shule ilimpendeza. Alimkuta mwalimu wa Historia akifundisha huku amekaa juu ya meza, wanafunzi wakibishana naye, akajiona kabisa akiishi maisha yale. Alirudi nyumbani akiwa mwepesi, akasema moyoni kwamba mambo yamekwisha.

Safari ya Ruangwa angeifanya kutimiza tu ahadi aliyompa mwalimu. Asubuhi yake msiba ukatokea Chiola, kwa ndugu wa marehemu baba yake, na Mwanne hakuweza kukosa. Mtoto hakuweza kuachwa na majirani kwa siku nzima. Kwa hiyo Kulthumu alimvalisha Samia gauni la Idi, akamfunga mtandio, wakaondoka pamoja.

Mkuu wa shule, Mwalimu Felomena, alikuwa mama mnene wa Mbinga aliyetembea haraka kuliko alivyoonekana kuweza. Aliwazungusha mabweni, bwalo la chakula na kisima, kisha akafungua mlango wa maabara. Wasichana wa kidato cha tano walikuwa kwenye zoezi. Mmoja wao alikuwa amesimama mbele ya bomba refu la kioo, akidondosha dawa tone kwa tone ndani ya chupa ya maji yasiyo na rangi, huku akiitikisa chupa taratibu. Tone moja, halafu jingine. Kisha maji yote yakageuka rangi ya waridi kwa mara moja, hafifu, kama ukucha wa mtoto.

Kulthumu alikuwa amechora jambo lile mara nyingi. Kuliona kulimfanya ashike ukingo wa meza.

"Yamekuwaje?" Samia aliuliza akiwa mgongoni kwake.

Kulthumu alianza kumweleza, polepole, kwamba maji yale yalikuwa na ukali kama wa ndimu, na dawa ile inaumaliza ukali kidogo kidogo, na tone la mwisho likiuzidi, rangi inajitokeza kutoa taarifa. Alieleza akasahau kuna watu. Alipoinua macho, wasichana kadhaa walikuwa wameacha kazi wanamtazama, na Mwalimu Felomena alikuwa anatabasamu.

"Mdogo wako huyu?" mkuu aliuliza.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa limetoka mara nyingi mno, halikuhitaji hata kufikiriwa. Wale wasichana waliovaa makoti meupe walikuwa wadogo kwake, na wangekuwa wenzake wa bweni kama angekuja. Kusema ndiyo kungekuwa rahisi. Lakini mikono ya Samia ilikuwa imemzunguka shingo, na ulimi wake ukakataa.

"Ni mwanangu, mwalimu."

Mikono ile ilitulia. Msichana mmoja aligeuka kumnong'oneza mwenzake, mwenzake akamkanyaga mguu. Mwalimu Felomena hakushtuka, aliuliza tu umri wa mtoto, na kama ana afya njema, kisha akawatoa nje mpaka kwenye kivuli cha ofisi, akamletea Samia maji ya kunywa.

Hapo ndipo alipozungumza naye kama mtu mzima. Alimwambia wamekwisha kuwapokea wengine wenye watoto na hakuna aliyefukuzwa wala kutengwa, na mtoto akiugua mama hupewa ruhusa. Alimwambia pia upande wa pili.

"Sitakudanganya, mwanangu. Hapa ni kazi, na likizo ni chache. Utakuwa unamkuta amekua wewe hupo. Wengine walilia sana kwa hilo. Ukija, uje unalijua."

Kulthumu alimshukuru, hasa kwa hilo la mwisho.

Walikuwa stendi wakisubiri gari la kurudi Nachingwea, Samia akila karanga za kuchemsha, mtoto alipouliza kwa nini dada amemwambia yule mwalimu kwamba yeye ni mwanawe. Kulthumu alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu walipotoka getini, na bado lilimkuta hajajiandaa. Alimjibu kwamba ni kwa sababu yeye ndiye aliyemzaa.

"Na mama?"

"Mama ndiye aliyenizaa mimi. Halafu akatulea sote."

Samia alitafuna akifikiri. Kisha aliomba karanga zaidi.

Jioni, Mwanne aliporudi kutoka msibani na kuvua kanga ya juu, mtoto alimpokea na habari hiyo hata kabla hajaketi. Alisema mwalimu wa Ruangwa ameambiwa dada ni mama yake. Mwanne alimtazama Kulthumu, akatazama pembeni. Alimchukua mtoto, akamwogesha kama kawaida, na chakula hakula. Siku zilizofuata aliongea juu ya kuni, juu ya panya waliokuwa wanafukua karanga shambani, juu ya mvua. Habari ya shule hakuigusa.

Kulthumu ndiye aliyemfuata. Alimkuta kwenye shamba la ufuta, ambao ulikuwa umeanza kutoa maua, ameinama anang'oa magugu kwa mkono. Aliinama naye wakafanya kazi mstari mmoja mzima. Mwishoni mwa mstari Mwanne alinyoosha mgongo.

"Nilikuwa nakusukuma kwenda Ruangwa kwa sababu mbili," alisema. "Moja unaijua. Ya pili ni kwamba ukienda kule, mtoto anabaki na mimi."

Alisema bila kulia, kama mtu anayetua mzigo aliokuwa ameubeba kichwani kwa muda mrefu. Alisema mwaka ule alipomzika Swalehe, mumewe, alikuwa hapati usingizi. Alikuwa anakaa usiku kucha akisikiliza nyumba. Ndipo akaletewa kichanga kinacholia, na kilio kile kikampa kazi ya kufanya, na kazi ile ikamfanya aishi. Alijua kwamba mtoto ana mama yake. Alilijua kila siku. Ila alipoitwa mama, hakuwahi kumsahihisha hata mara moja.

Kulthumu alitegemea kukasirika. Alikuwa na haki ya kukasirika, alihisi hivyo. Lakini aliukumbuka mwaka huohuo kwa upande wake: alivyokuwa amelala amegeukia ukutani, asitake kumtazama mtoto, na jinsi mama yake alivyokuwa akiingia, akimchukua mtoto bila kumlaumu, akimrudisha wakati wa kunyonya tu. Bila mikono ile, yeye asingerudi shule, na huenda Samia asingenenepa vile.

"Nikienda," alisema, "utakuwa unamwambia mimi ni nani?"

"Nimwambie nini tena? Mtoto mwenyewe ndiye aliyeniambia."

Wakacheka, kicheko kidogo chenye uchovu, na Mwanne akapangusa uso kwa ncha ya kanga.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Kulthumu hakumwambia mama yake, ila alilifahamu akiwa njiani kurudi nyumbani. Nachingwea haikumvutia kwa ajili ya Samia peke yake. Alikuwa ameogopa bweni. Aliogopa kulala chumba kimoja na wasichana ambao siku moja wangegundua. Sasa walikwisha kujua, kabla hata hajawa mwenzao, na hofu ile ilikuwa imekosa pa kushika.

Siku mbili kabla ya muda kufungwa alikwenda kwa Mwalimu Elineema, wakakaa mbele ya kompyuta ya shule. Chaguo la kwanza lilikuwa Ruangwa. Mwalimu aliuliza kama ana uhakika. Alijibu kwamba uhakika hana, ila ameamua. Mwalimu akabonyeza.

Alipangiwa Ruangwa, akaondoka mwezi wa saba, ufuta ukiwa umeshavunwa. Kemia ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani, Fizikia ngumu zaidi, na miezi ya kwanza alikuwa miongoni mwa wa mwisho darasani. Wasichana wa bweni walimwita mama Samia, mwanzoni kwa utani, baadaye kwa sababu lilikuwa jina zuri la kumwita mtu mnayemwomba ushauri.

Siku ya wazazi Mwanne alikuja na mtoto na ndoo ya ming'oko, mizizi ya porini, iliyochemshwa. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Felomena, akapiga goti kidogo, na kwa Kiswahili alichokipanga njia nzima akamwambia kwamba amekuja kumwona binti yake, na kumleta mjukuu wake. Samia alikuwa amerefuka. Alimwendea Kulthumu, akasimama mbele yake, akamwita Kulthumu, jina lenyewe, kwa kuwa dada haikuwa kweli na mama ilikuwa bado ya mtu mwingine. Kulthumu aliitika.

Walikula, wakatembea, wakachungulia maabara kupitia dirishani. Mchana ulipopinda mtoto alichoka, akaanza kulia anataka nyumbani, na alipobebwa mgongoni kwa Mwanne akalala papo hapo. Kulthumu aliwasindikiza mpaka getini. Ilimuuma, na hakujidanganya kwamba haimuumi. Alirekebisha kanga iliyomfunga Samia, akaivuta imkinge jua, akamwambia mama yake wasichelewe gari.

Kisha akarudi ndani kuosha vyombo vya maabara, maana wiki ile zamu ilikuwa yake.